Amana ya Utoto: Mjadala wa Kenani

Ziwa Mweru, ambalo hupokea maji ya mto Luapula kwa upande wa kusini na kuyatoa tena kwa mto Luvua karibu na mji wa Pweto upande wa kaskazini, limekatwa na mpaka wa dola mbili bila ya kuwakata watu wake, hata mtu wa kabila la Wabwile wa Pweto, aliye raia wa Kongo, akawa na wajomba na shangazi zake Chiengi katika nchi ya Zambia. Na kwa sababu hiyo kila zinapolia bunduki upande wa Katanga, njia ya Chiengi hujaa watu wenye watoto migongoni na mafurushi vichwani. Ilikuwa hivyo mwezi wa Desemba 2000, mji wa Pweto ulipotekwa, na ikawa hivyo tena tangu mwisho wa Agosti 2017, mapigano ya majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yalipowasukuma maelfu kuvuka, ikalazimu kufungua kituo cha kuwapokea mahali paitwapo Kenani, wilayani Nchelenge. Zaidi ya nusu ya watu waliofika Kenani walikuwa watoto. Walilazwa katika mahema makubwa ya pamoja, jamaa nyingi chini ya turubai moja, mpaka Januari 2018, katikati ya majira ya mvua, malori yalipoanza kuwahamishia Mantapala, ambako kila nyumba ilitazamia kupata kiwanja chake.

Ndani ya msiba mkubwa namna hii nataka kushughulika na jambo ambalo wengine wataliona dogo, nami sikubali kuwa ni dogo: mzazi ahifadhi nini katika vitu vya utoto wa mwanawe, na aache nini? Mwenye nyumba na kasha anaweza kuliahirisha swali hili mpaka binti atakapoolewa, au asilijibu kabisa, akawaachia warithi. Mzazi wa Kenani alilazimika kulijibu mara mbili: mara ya kwanza kwa dakika chache, moto ukiwa umekwisha kushika nyumba ya jirani, na mara ya pili kwa utulivu wenye uchungu, siku alipofungasha kwa ajili ya lori. Sauti nilizozipanga humu si za watu fulani wenye majina yao. Ni hoja ambazo wazazi wengi wa pwani ya ziwa lile huzibeba, nami nimezipa vinywa ili zipate kujibizana. Wa kwanza ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa upande wa Pweto, akijibizana na mwalimu.

MAMA: Mimi sitatupa hata kimoja, Mwalimu, nawe usinihesabie kuwa ni ukaidi. Mwaka 2000, nilipoletwa Zambia mara ya kwanza nikiwa mtoto wa miaka tisa, tulipelekwa Kala, wilaya ya Kawambwa, na jirani zetu wengine wakapelekwa Mwange, upande wa Mporokoso. Tukaishi huko mpaka tuliporejeshwa kwetu, na kambi zote mbili zikafungwa mwaka 2010. Utoto wangu wote umebaki katika kadi moja ya posho, karatasi ngumu iliyotobolewa matundu pembezoni, kila tundu mgawo mmoja wa unga na maharagwe, ambayo marehemu mama yangu aliiweka ndani ya Biblia yake. Sina picha, sina daftari, sina nguo. Nikiwaambia wanangu kwamba nami nilikuwa mtoto, nikacheza, nikaugua surua, nikapona, hawana cha kushika ili wanisadiki. Basi walipozaliwa wao nilinuia wasipatwe na upungufu ule. Nimewawekea kadi zao za kliniki, nywele zao za kwanza katika kitambaa, viatu vya sufu, madaftari, jino la yule mkubwa, na kitenge hiki, ambacho wote watatu nimewabebea mgongoni, chenye tundu la cheche ya moto hapa upande wa kushoto. Niliposikia bunduki sikubeba sufuria. Nilibeba hivi.

MWALIMU: Mama, mimi sikuja kukunyang'anya kitu, na ningekuwa na furushi mfano wa lako ningelilalia kichwa. Lakini lori lina nafasi yake, mvua ina tabia yake, na mkono wa mzazi mwenye watoto watatu hautoshi kushika yote, basi afadhali uchague wewe kabla mvua haijakuchagulia. Nami nakupa kipimo kimoja: weka kile ambacho siku moja ofisi itakiuliza. Kadi ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo na muhuri. Bila ya hiyo mwanao atachanjwa upya kwa kukisiwa, na umri wake utakisiwa vilevile na mtu asiyemjua. Taarifa ya shule, ile mnayoiita buletini, ndiyo itakayomwambia mwalimu wa Zambia kwamba mtoto huyu, ambaye hajui Kiingereza kwa kuwa alisomeshwa kwa Kifaransa, alikwisha kufika darasa la tano, asije akawekwa na wa la kwanza kwa kosa la lugha. Kadi ya ubatizo inaandika jina lake na la babaye. Kadi yako wewe ya kura inaonyesha mama yake ni nani na wa wapi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unataka kila mtoto aandikishwe mara azaliwapo na apewe jina. Na katika kifungu cha 8 unaitaka dola iheshimu haki ya mtoto ya kuhifadhi utambulisho wake, yaani uraia wake, jina lake na jamaa zake. Dola haitatenda hayo kwa kutazama jino, Mama. Itatazama karatasi.

Hoja ya Mwalimu ni nzito, na asiyeona uzito wake hajapata kusimama mbele ya meza ya karani akiwa hana la kuonyesha. Hata hivyo inapita mpaka wake pale inapofanya mstari ulionyooka kati ya hati na kitambaa, kwa sababu mstari huo katika historia ya wanadamu haukunyooka kamwe. Nahodha mmoja Mwingereza, Thomas Coram, alipewa hati ya mfalme mwaka 1739 afungue mjini London makao ya kulelea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwalea kwa ufukara au kwa aibu, na watoto wa kwanza wakapokewa mwaka 1741. Jina la mama halikuandikwa katika daftari lile la mapokezi. Iliyowekwa mahali pake ilikuwa alama: sarafu iliyokwaruzwa, utepe, na aghalabu kipande cha nguo kilichokatwa, nusu ikibandikwa kwa pini katika karatasi ya mtoto na nusu ikichukuliwa na mama, ili lau siku moja hali yake itengenee, aje na nusu yake, vilingane, apewe mwanawe. Wengi wa mama hao hawakurudi, na vipande vyao vya nguo vimehifadhiwa mpaka leo pamoja na karatasi zilizovishika. Kwa karani wa London kitambaa kilikuwa ndiyo hati yenyewe. Mama wa Kenani, ambaye hajasikia habari za Coram, anajua jambo hilohilo kwa njia yake: katika kundi la watu waliotawanyika msituni usiku, mtoto asiyeweza kulitamka jina la kijiji chake hutambuliwa kwa nguo aliyofungiwa.

Mzee mmoja wa Kiluba, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akaomba nafasi ya kusema.

MZEE: Wanangu, ninyi mnabishana juu ya kitu, wala hamjauliza habari za msomaji wake. Kwetu Buluba palikuwa na kibao cha mti kiitwacho lukasa, cha kushikwa mkononi, kilichopigiliwa shanga na kupambwa kwa kauri, nacho kilikuwa mali ya chama cha Mbudye, wenye ilimu ya habari za wafalme. Mjuzi alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, na kila aliyoigusa ikamtolea neno: hapa mfalme, hapa safari, hapa mto uliovukwa, hapa mwiko. Leo vibao vile vingine viko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, vimehifadhiwa vizuri kuliko mifupa ya babu zangu, pamoja na shanga zake. Lakini aliyekuwa akizisoma kwa kidole hayuko huko. Basi wewe, mwanangu, una nywele katika kitambaa. Ni za nani kati ya hawa watatu?

MAMA: Za wa pili, Baba. Nadhani ni za wa pili.

MZEE: Ukisema nadhani, shanga imekwisha kunyamaza. Keti na watoto jioni, ufungue furushi, ushike kitu kimoja kimoja mbele yao, useme kilitoka wapi, na nani alikuwako, na siku ile mlikula nini. Kile ambacho kinywa chako kimekosa neno la kusema juu yake, kiache hapa Kenani bila ya majuto. Na kile ambacho mtoto amekwisha kukijua neno kwa neno, hata kikipotea njiani, hakikupotea.

Katika maneno haya nakubali yote isipokuwa lile la mwisho. Mtoto mwenye miaka sita hukijua kitu neno kwa neno leo, akafikisha miaka kumi na miwili akakisahau, kwa kuwa akili ya utoto hufanya kazi ya kukua na hutumia katika kazi hiyo mambo mengi ambayo baadaye hayaonekani tena. Na ndiyo sababu kitu cha kushikwa kina daraja yake pembeni ya hadithi, kumrejesha mtoto mahali ambapo hadithi iliachia. Mzee alikulia katika mji ambao kila aliyepita alikuwa shahidi wa utoto wake. Watoto wa Kenani wametengwa na mashahidi hao: shangazi yuko Moba, mkunga hajulikani alipo, mwalimu wa kwanza alikimbilia upande mwingine.

Palikuwapo pia mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu kutoka Tanzania, ambaye huingia kwa Tunduma na Nakonde na kuuza mpaka sokoni Kashikishi, karibu na akina mama wanaopima dagaa wa ziwa, wale wanaoitwa chisense, kwa mabakuli. Akaomba idhini kwa taadhima, kwa kuwa ni mgeni.

MFANYABIASHARA: Kwetu pwani, dada yangu, mtoto akitimiza siku saba hufanyiwa akika: hupewa jina, huchinjiwa mbuzi, hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na uzito wa nywele hizo hutolewa sadaka kwa fedha, kisha nywele zenyewe huzikwa ardhini. Mimi nimenyoa wanangu wote, na sina unywele wao hata mmoja, wala sijaona hasara, kwa sababu unywele umekwisha kuwa chakula cha maskini na thawabu ya mtoto. Viatu hivi vya sufu havitamwingia mtoto wako tena, na wako vichanga Kenani hii wanaotetemeka kwa mvua ya Januari. Toa, dada. Na ukitaka kumwachia mwanao tunu, mwachie maneno. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua kwamba hataishi siku nyingi, alimtungia binti yake utenzi wa wasia, nao umekaa kuliko vyuma na vyombo vya nyumba yake.

MWALIMU: Bwana, maneno ya Mwana Kupona yangalikwisha kuzikwa pamoja naye lau asingaliyaandika, na watu wakayanakili karatasi baada ya karatasi. Kwa hiyo hata wasia unataka mtu wa kuhifadhi karatasi.

MFANYABIASHARA: Kweli, Mwalimu. Lakini viatu havinakiliwi.

Akacheka mama, na pale pale akavitoa viatu vya sufu katika furushi, akavipeleka hema la pili kwa mzazi aliyejifungua wiki ile. Mimi naona hilo lilikuwa tendo la haki, nalo halikuvunja hoja yake ya kwanza, maana aliyemfundisha kuweka ni yeye mwenyewe, na aliyemfundisha kutoa ni mtoto wa mwenziwe aliyekuwa na baridi.

Mpaka hapo wote walikuwa wakinena kama kwamba vitu hivi ni vya mzazi, naye ndiye wa kuamua. Hapo ndipo ninapoachana nao. Vitu vya utoto ni amana: vya mtoto, vilivyo mikononi mwa mzazi kwa muda, kwa kuwa mwenyewe bado hajaweza kuvitunza, na mwekewa amana hana ruhusa ya kuitupa kwa sababu imemchosha, wala hana ruhusa ya kuing'ang'ania kwa sababu inamliwaza. Mama huyu, kwa kupenda kwake, alikuwa akiwajengea wanawe utoto ambao yeye alinyimwa huko Kala, na kwa hiyo sehemu ya furushi ilikuwa yake, si yao: jino lile lilimfariji yeye, kijana mwenyewe alikwisha kulisahau. Mwalimu naye aliwatazama watoto akaona waombaji wa siku zijazo mbele ya meza za ofisi, nao ni hao kweli, lakini ni zaidi ya hao. Wenye mali walikuwapo muda wote, wamechuchumaa mlangoni pa hema, na hakuna aliyewauliza. Nilitaka waulizwe.

Yule mkubwa, mwenye miaka kumi, hakuchagua jino wala daftari. Alichagua gari lake la waya, alilolitengeneza Kenani hapo hapo kwa waya wa kufungia mizigo, magurudumu yake yamekatwa katika soli ya ndala iliyokatika, na usukani wake ni fimbo ndefu ya kushikwa mtu akiwa amesimama, ukigeuzwa, magurudumu ya mbele nayo hugeuka.

MAMA: Hilo ni kubwa, mwanangu, litachukua nafasi ya ndoo. Tena umelitengeneza juzi. Si kitu cha kwetu.

MTOTO: Mama, usukani unachomoka. Nimeufanya uchomoke kwa sababu nilijua tutahama.

Neno hili na walisikie wazazi wote wanaopanga vitu vya watoto wao: mzazi alikuwa akihifadhi utoto ulioachwa ng'ambo ya mpaka, na mtoto alikuwa akiendelea kuwa mtoto pale pale, akitengeneza kumbukumbu mpya ambayo tangu kuundwa kwake imekadiria safari. Gari lile likaingia, usukani ukafungwa pembeni kwa kamba. Wa pili akaomba kipande cha kitenge chenye tundu. Mama akasita, kisha akakikata kitenge mafungu matatu yaliyo sawa, moja kwa kila mtoto, na tundu la cheche likaangukia fungu la wa pili kama alivyotaka. Wa tatu alikuwa mdogo mno kuchagua. Alichaguliwa, na haki yake ya kubadili ikawekwa akiba.

Habari za namna ya kuhifadhi hazikuwa na ugomvi, nami nitazipita kwa haraka. Karatasi zilitiwa katika mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, kisha katika kopo la bati la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana. Si juu ya ardhi, kwa sababu ya mchwa, wala si chini ya paa, kwa sababu ya moshi na mvujo. Picha hazikulazwa uso kwa uso, kwani zikipata unyevu hugandana na kuharibiana, bali karatasi kavu iliwekwa kati yake. Nyuma ya kila picha liliandikwa jina, mahali na mwaka kwa penseli, ambayo haitoki kwa maji upesi kama wino wa kalamu. Mwalimu alikataza kadi za kliniki zisigandishwe kwa nailoni ya moto, hata kama mwenye duka anasifu kazi yake, maana kadi ya mtoto ina nafasi tupu zinazongoja chanjo zijazo, na muhuri haushiki juu ya nailoni. Hatimaye kila karatasi ilipigwa picha kwa simu, ikapelekwa kwa ndugu mmoja Lubumbashi na mwingine Lusaka, ili kopo likizama, kadi nayo isizame.

Kazi ilikuwa inaelekea kwisha aliposimama bibi mmoja, ambaye mjukuu wake alikufa njiani kabla ya kufika Chiengi. Alikuwa na shati la mtoto na kadi ya kliniki, na akauliza swali ambalo nadhani wote walikuwa wakiliogopa: hivi vya marehemu ni amana ya nani?

Mfanyabiashara, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu kinachoweza kutolewa, hakusema watoe shati. Mzee alieleza kwamba katika desturi yao jina la aliyekufa huweza kumrudia atakayezaliwa, na shati limngoje mwenye jina. Mwalimu alisema kadi ihifadhiwe, hata kama hakuna chanjo itakayoandikwa tena, kwa sababu ndiyo karatasi pekee duniani yenye jina la mtoto yule na siku aliyozaliwa, na asipokuwa na karatasi mtu anaweza kuambiwa baadaye kwamba hakuwapo. Mimi nasimama pamoja na Mwalimu hapa kuliko mahali pengine popote, na nasema zaidi: marehemu ana dada yake wa miaka sita, naye ndiye mwenye amana, kwa kuwa siku moja atataka kujua kwamba alikuwa na kaka, na ni haki yake kulishika shati lile na kuamua mwenyewe alifanyeje.

MWALIMU: Basi, Bibi, niandike nyuma ya kadi. Tarehe aliyofariki, na mahali mlipomzika.

BIBI: Andika kijiji. Andika mti, kwa kuwa kuna miombo mingi, huu umepasuliwa na radi. Na andika jina la mwenye shamba aliyeturuhusu kuchimba, maana hakutudai kitu, na mtoto huyu atakapokua atapaswa kwenda kumshukuru.